Swimbeti kwenye majani mazito: kwa nini unarudi na hidrila badala ya samaki

Leo ni kuvua besi, samaki mwindaji wa maji yasiyo na chumvi, kwa swimbeti, yaani chambo bandia chenye umbo la samaki, juu ya hidrila, jani linaloota chini ya maji. Swali ni la msomaji mmoja anayeishi Houston, Texas, nimelifupisha kidogo: "Kaka habari za siku. Mi huvua besi kule bwawa la Sam Rayburn wikendi. Nilinunua swimbeti za plastiki laini za inchi 5, zile za mkia wa kasia, nikazifunga kwenye jigi yenye ncha wazi, kila nikirusha narudi na furushi la hidrila. Jamaa mmoja pale gatini akaniambia nifunge mtindo wa Texas (kizito puani, ncha ya ndoana imefichwa ndani ya chambo), nikafunga, majani yakapungua kweli lakini sasa chambo kinajizungusha chenyewe majini, na samaki wakigonga hawanasi. Nina rodi ya kawaida ya spinini (rili inaning'inia chini yake) na mshipi wa mono (uzi mmoja wa nailoni) wa paundi 10. Nifanyeje? Alafu Disemba naenda nyumbani, nina mjomba Naivasha na yeye anavua besi huko, nimbebee hizi au ni kupoteza pesa?"

Nzuri ndugu yangu, karibu. Umeuliza kama ni tatizo moja lakini hapo kuna mawili, kuna kukwama na kuna kuzunguka, na hilo la kutonasa ni mtoto wa hayo mawili akisaidiwa na huo mshipi wako. Hio jigi ya ncha wazi, yaani ndoana yenye kichwa kizito na ncha iliyo nje, itoe kabisa kwenye boksi la Rayburn, weka pembeni. Ni kitu kizuri sana kwenye maji wazi, kwenye mawe, kwenye nguzo za madaraja, lakini kwenye hidrila ncha iko nje na tundu la kufungia mshipi limesimama juu ya kichwa, yaani majani yana sehemu mbili za kushika, na hidrila ikipata pa kushika haiachii.

Kabla sijafika kwa ndoana ngoja nikwambie kitu ambacho wengi wanaruka, ni lazima ujue uko juu ya majani gani na juu yake kuna maji kiasi gani. Chambo, ndoana, chubwi (kile kizito cha kuzamishia), kila kitu kinaamuliwa na hapo. Siku ukifika chukua shina moja mkononi ulitazame. Hidrila majani yake yanazunguka shina kwa mafungu, mara nyingi matano lakini yanaweza kuwa manne hadi nane, na kingo zake zina vijino, ukilipitisha katikati ya vidole linakwaruza. Milfoili, jani jingine la majini, ni laini, majani yake yamechanika-chanika mithili ya unyoya na yanakaa manne manne. Tofauti yake kwenye uvuvi ni kubwa, manake hidrila ngumu iliyokomaa ukiipiga kwa ghafla shina linakatika na chambo kinatoka kisafi, wakati ule mwani wa nyuzi nyuzi, ile kamasi ya kijani, hauna namna. Ukiona mwani wa namna hio umefunika majani, hamna ufungaji wa swimbeti utakaokuokoa, sogea mita mia mbele utafute majani masafi. Mimi sibishani na kamasi.

Na hayo maji ya juu ya majani yanabadilika. Rayburn ni bwawa kubwa kweli, zaidi ya eka 114,000, kwenye mto Angelina, na kimo cha kawaida cha maji yake kinahesabiwa futi 164.4 juu ya usawa wa bahari, hio namba utaiona kila mahali wanapotoa taarifa za maji ya ziwa. Ikisoma futi tatu juu ya hapo, hidrila uliyoiona mwezi uliopita ikigusa uso wa maji sasa iko futi tatu chini ya uso, na ule ufungaji uliokupa samaki mwezi uliopita utapita juu sana. Ikishuka, ndo ule mkeka mnene unaoona ndege wanatembea juu yake. Kwa hio angalia hio namba ukiwa bado nyumbani, kabla hujaweka hata mafuta kwenye gari.

Haya, ndoana. Unachotaka ni ndoana yenye mwanya mpana, chubwi imebanwa kwenye shina chini ya tumbo, na puani kuna springi ndogo ya kuskrubu chambo. Owner wanatengeneza, Gamakatsu wanatengeneza, na wengine wengi, usiumize kichwa na jina, angalia vitu viwili tu, springi iwe na ule msumari mwembamba katikati unaosaidia kulenga, na waya uwe mnene wa kutosha kwa mshipi utakaotumia. Kwa chambo cha inchi 5 chukua saizi 5/0, cha inchi 4 chukua 4/0, ukienda inchi 6 basi 6/0 au 7/0. Lakini hizo namba zinatofautiana kampuni na kampuni, kipimo cha kweli ni kulaza ndoana pembeni ya chambo. Mkunjo wa ndoana unatakiwa ufike karibu katikati ya mwili, kwa chambo kirefu kidogo nyuma ya katikati, lakini usifike pale mwili unapoanza kukonda kuelekea mkiani. Ukipita hapo chuma kinaukaza ule mwili mwembamba na mkia hauchezi, au unacheza kivivu tu, na swimbeti ambayo mkia wake hauchezi haina kazi tena.

Sasa twende polepole kwenye kufunga, hapa ndo watu wengi wanaharibu na ndo chanzo cha hiko kizunguzungu chako.

Shika chambo tumbo likiangalia chini. Tafuta katikati ya pua, katikati kabisa, kushoto kulia na juu chini. Chambo vingi vina alama ya mshono wa moldi unaopita juu ya kichwa, ufuate huo. Ingiza ule msumari wa springi taratibu uende sambamba na mwili, usiinuke wala usiiname, alafu zungusha chambo, sio ndoana, zungusha chambo kama unafunga kifuniko, hadi pua iguse tundu la ndoana pasiwe na pengo. Hilo pengo likibaki hata milimita mbili, jani la kwanza litaingia hapo likae, na mengine yatafuata.

Sasa iache ndoana ining'inie yenyewe pembeni ya chambo, usivute chambo, usikikunje. Tazama pale mkunjo unapoangukia, weka alama kwa ukucha. Hapo ndo ncha itaingilia tumboni. Kama chambo kina mpasuo tumboni, basi ncha na ile chubwi vinapita humo. Sukuma ncha ije itokee mgongoni, katikati ya mgongo, kwenye mshono ule ule. Ukishatoa ncha, achia chambo, kitazame kikiwa kimelegea. Kinatakiwa kilale kimenyooka bila kujikunja popote. Kama kuna kinundu kati ya pua na pale ndoana ilipoingia, umeingiza mbele sana, kitoe. Kama mwili umevutwa na ngozi imekaza, umeingiza nyuma sana. Usijidanganye kwamba maji yatanyoosha, hayanyooshi.

Mwisho, sogeza plastiki mbele kidogo kwa kidole gumba na ufiche ncha tu chini ya ngozi ya mgongo. Ncha tu, sio kijino chote, sio nusu ya ndoana. Ukipapasa mgongo kwa kidole kutoka kichwani kwenda mkiani usisikie chochote, na ukibonyeza mwili kidogo ncha ichomoze mara moja. Hilo la kubonyeza lipe uzito, manake ndo jibu la "wanagonga hawanasi". Besi akifunga mdomo lazima plastiki ishuke ili ncha itokee. Kama umenunua chambo kinene kigumu ambacho hakina mpasuo tumboni wala mfereji mgongoni, samaki anakibana kizima, wewe unavuta, chambo kinateleza kinatoka mdomoni na ncha bado iko ndani. Kwa majani mi napenda zile zenye mpasuo mrefu tumboni. Skinny Dipper na Gambler Big EZ ndo zimejaa kwenye maboti ya Florida kwa sababu hio hio, mwili unakunjika kirahisi na mkia unacheza hata ukiburuta juu juu. Zipo za ndani tupu pia, hizo zinabonyea vizuri kuliko zote lakini zinachanika mapema, ukishapata samaki wawili watatu pua imekwisha. Tone la supaglu puani kabla ya kuskrubu linasaidia sana.

Alafu kabla hujarusha, kijaribu hapo ubavuni mwa boti. Kitumbukize, kiburute futi sita kwa mwendo utakaovua nao, ukitazama kutoka juu. Mwili utikisike kidogo kushoto kulia, mgongo ubaki juu. Kikilala ubavu au kikijigeuza, usirushe ukitumaini kitatulia. Yaani watu wanakataa kupoteza dakika moja hapo wanapoteza asubuhi nzima.

Kwa nini kinajizungusha? Mkia wa kasia ukipiga maji kwenda kushoto, mwili unasukumwa upande wa pili, na kadri unavyovuta haraka ndo msukumo unaongezeka. Lazima kuwe na kitu cha kuutuliza mwili, na hio ndo kazi ya chubwi ya tumboni, ni mkuku wa jahazi ule, bila huo upepo kidogo tu chombo kinalala. Sasa wewe ulipohamia mtindo wa Texas ukaweka chubwi ya risasi puani na ndoana tupu isiyo na uzito, ukauondoa mkuku. Ukijumlisha na pua iliyoingizwa kombo, basi. Kwa hio jamaa wa gatini hakukudanganya, alikupa tu kitu cha kazi nyingine, nitakirudia.

Zaidi ya hapo angalia mkia wenyewe. Pakiti zikikaa zimekunjwa kwenye begi mkia unajikunja na unabaki hivo, na mkia uliojikunja unavuta upande mmoja. Chemsha maji, uchovye sekunde chache hadi ulegee unyooke, alafu tia kwenye maji baridi. Na usichanganye aina za plastiki kwenye boksi moja, kuna zile zinazovutika sana ajabu, ukizilaza na hizi za kawaida zinayeyushana, utakuta uji.

Uzito sasa. Kanuni yangu ni moja, tumia uzito mdogo kabisa unaokuwezesha kurusha na unaokizuia chambo kujizungusha, usizidishe. Majani yakiwa inchi chache chini ya uso wa maji, au yamegusa uso na kuacha mashimo mashimo, chukua wakia 1/16, ambayo ni kama gramu 1.8, au ndoana isiyo na uzito kabisa kama chambo chenyewe ni kizito. Kukiwa na futi mbili tatu za maji juu ya majani, wakia 1/8, gramu 3.5. Robo wakia mi naitumia pale tu nikiwa na futi nne au zaidi, au upepo umekaza na mshipi unapinda. Wavuvi wengi wapya wananunua robo wakia tupu kwa sababu inarushika mbali, alafu wanalazimika kuvuta mbio ili isizame, na wakipunguza mwendo tu iko ndani ya hidrila. Uzito mkubwa unakunyima nafasi ya kuvuta taratibu, na kuvuta taratibu juu ya majani ndo pesa.

Kuna ndoana ambazo chubwi yake inateleza kwenye shina. Ukiisogeza mbele chambo kinazama kwa pua, ukiirudisha nyuma kinashuka kimelala sawa na mkia unatetemeka kikishuka. Mi napenda ya kushuka sawa, manake kwenye shimo la hidrila ukiacha kuvuta sekunde moja, ule mshuko ndo unaoleta samaki.

Na huo mtindo wa Texas wa chubwi puani, mahali pake ni ukingoni, pale ukuta wa majani unapoishia na kina kinaanza, au unapotaka kushuka katikati ya mashina hadi chini. Chubwi yenye umbo la risasi ya bunduki inapasua majani njia, chambo kinafuata. Tumia tangsteni ukiweza, ni ghali lakini ni nzito kuliko risasi kwa hio kipande kidogo kinabeba uzito ule ule na kinapenya. Na lazima uibane kwa kistopa cha mpira kwenye mshipi, ishikamane na pua. Ukiiacha ielee huru inatangulia peke yake, chambo kinabaki nyuma, na katikati hapo panajaa majani. Hapo vuta na kuachia, sio kuvuta mfululizo, kwa hio hata kisipokuwa na mkuku hakitapata nafasi ya kuzunguka.

Mshipi. Mono ya paundi 10 ndugu yangu hapana, hapo sina maneno ya kukupaka mafuta. Inavutika, na ikivutika ule mvuto wako wote unaishia kwenye mshipi haufiki kwenye ncha, na samaki akishajifunika paundi tano za majani una mzigo mara mbili. Weka breidi, ule mshipi wa kusukwa, paundi 50 kwenye beitkasta, ile rili inayokaa juu ya rodi. Unene wake ni karibu na mono ya paundi 12 tu, hauvutiki, unaelea kwa hio unasaidia chambo kibaki juu, na ukikaza unakata mashina. Kuna anaesema samaki anaiona, sawa, kwenye maji wazi tutaongea, ndani ya hidrila mshipi wako ni uzi mmoja kati ya nyuzi elfu. Sifungi kipande cha florokaboni, ule mshipi usioonekana sana majini, mbele, manake lile fundo la kuunganishia ndo sehemu nyingine ya kukusanyia uchafu. Funga moja kwa moja kwa fundo la Palomar: kunja mshipi uwe mara mbili, pitisha tunduni, funga kifundo cha kawaida, kipitishe kitanzi juu ya ndoana nzima, lowesha na mate, kaza. Alafu kata ncha ya mshipi fupi kabisa. Kile kimkia cha nusu inchi watu wanakiacha kwa uoga kinaokota majani kila mrusho.

Rodi inayofaa ni futi 7 hadi 7 na nusu, nguvu ya kati-nzito, ncha yenye uhai kidogo ili irushe kitu chepesi, na rili ya kasi ya 6 au 7 kwa moja, yaani spuli inazunguka mara 6 au 7 ukizungusha mkono mara moja. Lakini umesema una spinini, na sio lazima ukimbilie dukani leo. Vua mono, weka breidi ya paundi 30, shuka kwenye chambo cha inchi 4 na ndoana 4/0 ya waya mwembamba kiasi, chubwi wakia 1/8. Rodi ya kati haina ubavu wa kuisukuma ndoana nene ya 5/0 ipite mdomo wa besi, ila hio nyembamba itaisukuma. Utapoteza mmoja mmoja aliyejichimbia, lakini utavua. Ukipata hela anza na rodi, rili ifuate.

Namna ya kuvuta. Rusha mbele kupita pale unapotaka, usimwangushie samaki kichwani, na uanze kuzungusha rili chambo kikigusa maji tu au sekunde moja kabla. Rodi juu, ncha ielekee kama kwenye namba 11 ya uso wa saa, ili mshipi mwingi usiguse maji. Vuta kwa mwendo mmoja, uone mkunjo mdogo wa maji unatembea juu ya majani, hapo chambo kiko inchi moja mbili chini. Kikifika kwenye shimo au njia iliyo wazi, acha kuzungusha, kishuke kidogo, endelea. Kule Florida, kwenye maziwa ya Okeechobee na Kissimmee ambako majani yanasimama nje ya maji, wanakivuta haraka juu kabisa hadi mkia unapiga kelele, jaribu na hio maji yakiwa na joto. Maji yakiwa baridi, Februari hivi besi wanapoanza kusogea kutafuta pa kutagia, punguza mwendo hadi uone aibu, na uguse vichwa vya majani.

Ukigusa jani na ukahisi uzito, usivute polepole kwa huruma, hapo unazidi kulizungushia. Shusha ncha ya rodi, legeza kidogo, alafu piga kifundo cha mkono kifupi kwa nguvu. Hidrila inakatika, chambo kinaruka mbele kinashuka, na mara nyingi mno samaki anakula hapo hapo. Sijui kama anafikiri ni shad, yule samaki mdogo anaemla, anatoroka au ni hasira tu, ila anakula.

Akigonga, na hili litakuwa gumu kwako kwa sababu utaona maji yamelipuka na moyo umeruka, usivute. Endelea kuzungusha rili hadi uhisi uzito, mzigo unaokwenda upande, ndo ushushe rodi, ukaze mshipi, upige ndoana kwa mwili mzima kwenda juu ubavuni. Wanaovuta wakiona mlipuko wanamnyang'anya chambo kabla hajafunga mdomo. Akikosa, kiache kife hapo sekunde mbili tatu, au uwe na rodi ya pili yenye mnyoo wa plastiki usio na uzito, urushe kwenye lile duara la maji haraka.

Akishanasa kaza breki ya rili na umgeuzie kichwa juu, ateleze juu ya majani, usimpe nafasi ya kupiga mbizi. Akijichimbia usivutane nae kwa ubishi, mdomo utachanika. Weka mshipi umekaza, peleka boti hadi juu yake, tia mikono ufukue majani hadi umfikie. Utatoa lundo la hidrila kubwa, ndani yake utaona jicho.

Rangi nitaipita haraka kwa sababu watu wanaipa uzito kuliko inavyostahili. Maji masafi, nyeupe ya fedha inayofanana na shad au kijani cha maboga. Maji ya tope au mawingu mazito, nyeusi na bluu. Basi. Chambo cha rangi mbaya kilichonyooka kinamshinda cha rangi nzuri kilichofungwa kombo, kila siku.

Ya sheria pia uyajue usije ukaharibiwa wikendi. Texas ukiwa na miaka 17 na kuendelea unahitaji leseni, na kanuni ya jumla ya jimbo kwa besi mdomo-mkubwa ni watano kwa siku, urefu usiopungua inchi 14, ila kuna maziwa yenye kanuni zao kwa hio soma ya ziwa unaloenda. Na hidrila ni marufuku kuisafirisha. Kipande kidogo cha shina kinaota upya popote kinapoangukia, ndo namna ilivyosambaa nchi nzima toka ilipoingia Florida na biashara ya matangi ya samaki wa mapambo miaka ya 1950. Ukitoka majini toa kila jani kwenye treila na kwenye propela, mwaga maji yote ya boti, na salvinia kubwa, lile gugu linaloelea, ndo usiicheke kabisa, inafunika ghuba nzima.

Sasa mjomba wa Naivasha. Mbebee, tena atakushukuru, kwa sababu ni samaki yule yule. Besi wa Naivasha walitoka Marekani, waliwekwa ziwani mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa hio kinachomdanganya ndugu yake wa Texas kitamdanganya na yeye. Tofauti ni majani. Huko shida kubwa ni gugu maji linaloelea na mafunjo ya ukingoni, na gugu maji halina mkeka wa kupita juu yake kwa swimbeti, ni kisiwa, mizizi inaning'inia chini na upepo unakihamisha, asubuhi kiko hapa jioni kiko kule. Asirushe juu yake. Apitishe chambo sambamba na ukingo wake, na kwenye mashina ya mafunjo pale maji yanapokuwa na kivuli, na hapo ule ufungaji wa ncha iliyofichwa na wakia 1/8 unatosha kabisa.

Kwenye rangi huko nabadilisha mawazo kidogo. Naivasha kuna kamba wekundu wa Louisiana, waliingizwa mwaka 1970, na besi wanawala sana, kwa hio mbali na zile nyeupe mbebee pakiti mbili tatu za kahawia yenye wekundu na kijani cha maboga, na ndoana za kutosha, manake chambo kimoja kitachanika lakini ndoana ndo itakayompotea. Inchi 4, sio 5. Usisahau na breidi, spuli moja ya paundi 40 haichukui nafasi kwenye begi, na umwonyeshe lile fundo la Palomar mkiwa mmekaa nyumbani, kwenye mtumbwi huku mnaangalia viboko wako wapi sio mahali pa kufundishana mafundo.